Maswali ya Wasomaji: Nyasi Ndefu, Bei Fupi

Barua zilizotufikia mwezi huu kuhusu biashara ya kukata na kutunza nyasi zilikuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua nne. Zile zilizouliza mashine ya kampuni gani ndiyo bora tumeziweka kando, kwa kuwa mashine nzuri mikononi mwa mtu asiyejua hesabu zake humfikisha kwenye hasara haraka zaidi.

Swali: *Nina mashine moja ya kusukuma, msaidizi mmoja na wateja 22. Tunatoka alfajiri na kurudi jua linapokuchwa, siku 6 kwa juma, lakini nikishalipa petroli na msaidizi, kinachobaki hakitoshi hata kununua kisu kipya cha mashine. Bei huipanga kwa kuutazama uwanja: mdogo, wa kati au mkubwa. Nimekosea wapi?* — Mwenye Mashine Moja

Jibu: Ndugu yangu, umeuza kitu ambacho hukukipima. Mteja analipia uwanja, wewe unagharimia saa, na kati ya vitu hivyo viwili ndimo pesa zako zinamopotelea.

Chukua mkanda wa kupimia, au hesabu hatua zako ikiwa unaujua urefu wake, kisha uandike katika daftari mita za mraba za kila uwanja. Mashine yenye upana wa kukata wa sentimita 53 haikati sentimita 53 kila inapopita, kwa sababu ni lazima mstari mmoja uupande kidogo mwenzake ili isibaki michirizi ya nyasi ndefu katikati. Tuseme inakata 48. Ukitembea kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtu asiyefukuzwa na yeyote, utakata mita za mraba 1,920 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Ondoa robo kwa ajili ya kugeuza, kukwepa miti na kumwaga kikapu, utabaki na 1,440. Uwanja wa mita za mraba 600 basi utakuchukua dakika 25.

Naam, dakika hizo 25 ndizo ambazo jicho lako limekuwa likizitoza. Nyingine umezitoa sadaka: dakika 20 za kupunguza kingo, kuzunguka mashina ya miti na kufagia njia, dakika 10 za kushusha vifaa na kuvipakia, dakika 20 za safari kutoka kwa mteja aliyetangulia. Jumla ni 75, na kukata kwenyewe ni theluthi moja tu. Usizikubali tarakimu hizi kwa kuwa nimeziandika mimi. Kwa juma moja mpe msaidizi wako kalamu, aandike saa mliyofika langoni na saa mliyotoka kwa kila mteja, na mwisho wa juma mketi na hilo daftari kabla ya kuketi na bei.

Halafu ipo gharama isiyokudai leo. Mashine huchakaa kwa saa, kama gari linavyochakaa kwa kilomita. Ukitarajia ikufanyie kazi saa 1,000 kabla ya kuhitaji nyingine, kila saa inayonguruma imekula sehemu 1 kati ya 1,000 ya bei uliyoinunulia. Kwa saa 30 za kukata kwa juma, saa hizo 1,000 zitakwisha katika juma la 34, yaani kabla ya miezi 8 kutimia. Asiyetenga sehemu hiyo kila siku hununua mashine ya pili kwa mkopo, akidhani amekumbwa na bahati mbaya.

Kwa hiyo jumlisha mshahara wa msaidizi, mshahara wako mwenyewe (huu husahauliwa na wengi, kana kwamba mwenye biashara hula hewa), petroli, oili, visu, uchakavu, na siku za mvua ambazo msaidizi hulipwa bila kazi. Jumla hiyo igawe kwa saa mlizokuwa ndani ya viwanja vya wateja pekee, kwa maana hizo ndizo zitakazolipa za barabarani, kisha uongeze faida. Utakachopata ni bei ya saa moja, nayo ndiyo utakayoizidisha kwa muda wa kila uwanja.

Weka pia bei ya chini kabisa ambayo hushuki hapo. Uwanja wa mita za mraba 100 hukatwa kwa dakika 4 na ushei, ilhali kupakia na kusafiri ni zile dakika 30 zilezile; ukimtoza mteja huyo kwa ukubwa wa uwanja wake, umemfadhili. Kuhusu kupandisha bei, usiwapandishie wote kwa siku moja. Anza na wale wanaokaa peke yao mbali na wenzao, ambao safari yao ndiyo ghali. Wakiondoka wawili au watatu, jioni yako itarudi kwako, na huenda ukakuta kwamba wateja 19 au 20 wanakulipa kuliko 22.

Swali: *Mteja wetu mmoja aliomba tusiende tena kila juma, bali mara moja kila majuma 3, kwa bei ileile ya kila ziara. Nilikubali nisije nikampoteza. Sasa kila tukimaliza, uwanja hugeuka rangi ya majani makavu, naye anadai tumeuchoma kwa dawa. Hatujawahi kunyunyiza dawa yoyote pale.* — Dada wa Ukoka

Jibu: Dada, nakuamini. Kilichouchoma uwanja huo ni kalenda.

Watunzaji wa nyasi wana kanuni moja ambayo haizeeki: usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa nyasi kwa mkato mmoja. Uwanja unaotunzwa kwenye sentimita 5 hukatwa unapofika 7.5. Tuseme nyasi za mteja huyo hukua sentimita 2.5 kwa juma zinapopata maji ya kutosha. Ulipokuwa ukienda kila juma, ulikuwa ndani ya kanuni bila hata kuifikiria. Baada ya majuma 3 zimefika 12.5, na ukizishusha hadi 5 umeondoa asilimia 60 ya mmea uliokuwa ukijilisha kwa majani hayohayo.

Siku moja kabla ya kukata, piga magoti hapo uwanjani uzitenganishe nyasi kwa vidole. Juu utaona kijani. Chini, kwenye kivuli chake zenyewe, utaona vijiti vya manjano hafifu, vingine karibu vyeupe, ambavyo havijaonana na jua kwa siku nyingi. Ukishapitisha mashine, hivyo vijiti ndivyo unavyomwachia mteja avitazame kutoka dirishani. Mizizi nayo husimama kukua, kwa kuwa akiba yote ya mmea inapelekwa kuotesha majani mapya, na katika mianya iliyobaki magugu hupata mwanga wa kuotea.

Kurekebisha uwanja uliokwisha kurefuka hakuhitaji dawa. Shusha kwa hatua: kutoka 12.5 hadi 8.5, kisha baada ya siku 3 au 4 hadi 6, ndipo urudi kwenye 5. Utaona mwenyewe kwamba mteja aliyetaka kuokoa ziara mbili amezirudisha kwa mlango wa nyuma. Hata ukikata kwa mkupuo mmoja, nyasi ndefu hukulazimisha kwenda polepole, huziba mdomo wa mashine, hujaza kikapu kila baada ya mistari michache, na mara nyingi hudai upite mara ya pili. Kwa sababu hiyo mpe mteja bei mbili kwa maandishi, moja ya kila juma na moja ya kila majuma 3, ya pili ikiwa kubwa kwa kila ziara, na uandike pia urefu utakaouacha. Nyasi zenyewe hutofautiana: ukoka wa majani membamba huvumilia kukatwa chini, hata kwenye sentimita 3, lakini nyasi za majani mapana zitambaazo, za jamii ya Stenotaphrum, hutaka 6 au zaidi, na atakayezishusha kwenye urefu wa ukoka atapata uwanja wa vipara.

Hata hivyo kabla ya kumbebesha mteja lawama zote, tazama kisu chako. Mwingereza Edwin Budding, aliyepata hataza ya mashine ya kukata nyasi mwaka 1830, aliitoa fikra yake kwenye mitambo ya viwandani iliyonyoa manyoya ya vitambaa vya sufu, na silinda yake ilikata kama mkasi, makali mawili yakikutana. Mashine nyingi tunazosukuma leo zina kisu kimoja kinachozunguka kwa kasi na kuupiga unyasi ambao haukushikwa na kitu. Kisu cha namna hiyo kikiwa butu hakikati; kinachana. Siku mbili baada ya kazi, ng'oa jani moja ulitazame ncha. Likiwa limekatwa sawasawa, ukingo ni mstari mmoja. Likiwa limechanwa, utaona nyuzi nyuzi kama ncha ya uzi iliyokataa kupita kwenye tundu la sindano, na nyuzi hizo zikikauka uwanja mzima hupata utando wa hudhurungi.

Noa kwa tupa, ukifuata pembe ileile ya kiwandani, na kabla ya kuingiza mkono chini ya mashine chomoa waya wa plagi, hata kama injini imezimwa tangu jana. Ukimaliza kunoa, kitundike kisu kwenye msumari kupitia tundu lake la katikati. Upande unaoinama ndio mzito, nao ndio wa kuendelea kupigwa tupa hadi kisu kitulie sawa, la sivyo mtikisiko wake utakula beringi za injini. Kwa kazi ya kila siku kama yako, kunoa mara moja kwa msimu hakutoshi. Kiguse kila jioni au kila baada ya jioni moja.

Swali: *Je, ni lazima kuzizoa nyasi zilizokatwa na kuzipeleka jaani? Wateja wengine wanasisitiza.* — Msomaji wa Siku Nyingi

Jibu: Si lazima, ikiwa umeifuata kanuni ya theluthi. Vipande vifupi huzama kati ya majani, na kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji, hunywea na kuoza upesi. Vinaweza kurudisha takriban robo ya naitrojeni ambayo uwanja unahitaji kwa mwaka, mbolea ambayo mteja angeinunua. Zoa pale tu ambapo nyasi zilikuwa ndefu na zimeanguka kwa mafungu, zilipokuwa na maji, au uwanja ulipokuwa na ugonjwa au magugu yenye mbegu. Katika hali mbili hizo za mwisho osha na tumbo la mashine kabla ya kwenda kwa mteja mwingine. Anayesisitiza zizolewe azolewe, na dakika za kuzoa ziingie kwenye bei.

Swali: *Mteja aliniandikia kwa simu: "Ondoa majani yote ukutani." Nikaondoa. Kumbe alikusudia majani makavu yaliyorundikana chini ya ukuta, nami nilikuwa nimekata mmea uliotambaa juu yake, alioulea kwa miaka 6. Anakataa kulipa. Nani ana haki?* — Aliyetii Maandishi

Jibu: Umekwazwa na neno lenye watoto wengi. Majani ni yale ya mtini, ni nyasi, ni yaliyo hai na ni yaliyokauka, na kila anayelitamka huwa anamwona mtoto wake tu. Kwa maandishi una haki. Kwa desturi ya kazi hii huna, kwa sababu mmea wa miaka 6 haukatwi kabla fundi hajauliza, na ningekuwa wewe ningesamehe malipo ya siku hiyo na kudai ya siku nyingine zote.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumia kwa namna hiyo. Mteja mmoja aliniuliza mambo matatu katika ujumbe mmoja: kama nitafika Jumatano, kama nitapunguza ua, na kama ua umo ndani ya bei ileile. Nikajibu "sawa", nikimaanisha Jumatano. Yeye akasoma "sawa" tatu, na ua ule ulikuwa na urefu wa mita 40.

Tangu hapo simjibu mteja kabla sijayarudisha maneno yake. Nachukua sentensi ile tu ninayoijibu, siyo ujumbe mzima wala mazungumzo ya juma zima, kwa maana nukuu ndefu haisomwi. Naiweka juu kama alivyoiandika, bila kupunguza neno wala kumsahihishia tahajia. Na chini yake naandika nilivyoelewa. Akiuliza matatu, kila moja hupata nukuu yake na jibu lake. Wewe ungeandika hivi: *Umesema, "Ondoa majani yote ukutani." Nimeelewa kwamba nizoe majani makavu yaliyo chini ya ukuta wa nyuma, na mmea unaotambaa nisiuguse. Kama sivyo, tafadhali nijulishe kabla sijafika.*

Na kuhusu mmea wenyewe, mimea mingi itambaayo huchipua tena ikiwa shina limekatwa juu ya ardhi na mizizi haikuguswa. Mwombe mteja asiling'oe kwa hasira, nawe ulimwagilie kila unapofika pale kukata nyasi.