Homa imefika siku ya tano: surua, Kawasaki, au mkia wa UVIKO?

Mtwara na Lindi mtoto akichemka, wazo la kwanza ni malaria, na ni sawa. Apimwe siku hiyohiyo. Shida huanza pale kipimo kinaposoma chanya, dawa mseto inamalizwa kwa siku 3, na homa haijashuka. Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusoma chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo msirudie dozi kwa sababu yake peke yake. Ombeni damu iangaliwe kwa darubini, na mtoto avuliwe nguo achunguzwe upya.

Anza na macho. Ya surua hutiririka machozi, pamoja na mafua na kikohozi. Vipele huanzia nyuma ya masikio na usoni, kisha vinashuka. Tazama kadi ya kliniki kama alipata chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18.

Macho ya Kawasaki, ugonjwa wa watoto ambao mishipa ya damu huvimba, ni mekundu yote mawili lakini hayana tongotongo. Midomo hukauka, hupasuka hadi kutoa damu. Ulimi huwa mwekundu wenye vinundu. Viganja na nyayo huvimba. Kuna vipele, na mara nyingine tezi ya shingo iliyovimba upande mmoja. Daktari hutafuta homa ya siku 5 na dalili 4 kati ya hizo 5 (midomo na ulimi huhesabiwa kama moja). Ugumu ni kwamba hazijitokezi pamoja: kipele cha juzi leo hakipo. Kipige picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo kagua viganja, nyayo, kinena na ndani ya mdomo. Kwa mtoto mchanga tazama pia kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani. Lililokuwa limetulia likivimba na kuwa jekundu, mwonyeshe daktari.

Kawasaki hupata zaidi walio chini ya miaka 5. Mkia wa UVIKO, yaani mchochota (uvimbe wa ndani) wa viungo vingi unaofuata UVIKO-19, hupata mara nyingi wakubwa zaidi, wa umri wa shule, wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi ambayo huenda hamkuyaona. Ulizeni: mwezi uliopita nani nyumbani alipata mafua au alipoteza harufu, hata bibi? Wekundu wa macho na vipele vinaweza kufanana na Kawasaki, ila hapa tumbo ndilo linalolia: maumivu makali, kutapika, kuhara. Wengi huambiwa taifodi au kidole tumbo, na huku moyo unalegea. Bonyeza ukucha sekunde 5 kisha achia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, au miguu ni ya baridi huku kifua kinaunguza, ni hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Kipimo cha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nacho husaidia kutofautisha: kwenye mchochota wa UVIKO mara nyingi hushuka mwanzoni, kwenye Kawasaki hupanda kuanzia wiki ya pili.

Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 6, lakini pima joto kabla ya dozi na uliandike. Aspirini usimpe mwenyewe. Daktari ndiye anayeamua.

Kawasaki isiyotibiwa huvimbisha mishipa ya moyo kwa karibu mtoto 1 kati ya 4. Imunoglobulini (dawa ya kingamwili), gramu 2 kwa kilo kwa mshipa, inatakiwa kabla ya siku ya 10. Kutoka Liwale au Newala barabara nayo inakula muda, kwa hiyo rufaa ya kwenda hospitali ya Sokoine (Lindi), Ligula (Mtwara) au Hospitali ya Kanda ya Kusini iombwe siku ya 5, na karatasi yenye tarehe homa ilipoanza iwe mkononi.