Maswali ya Wasomaji: Kufunga Silinda Hedi ya Norton Commando

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninaishi Wolverhampton, Uingereza, na nimenunua pikipiki ya Kiingereza, Norton Commando ya cc 750 ya mwaka 1972, ambayo mmiliki wa awali alikuwa ameifungua injini na kuiacha kwenye maboksi. Nimekwisha kusafisha silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda za injini) na sasa nataka kuirudisha. Bolti moja kati ya zile ndogo za inchi 5/16 imepotea, na jirani amenipa ya M8 kutoka kwenye pikipiki ya Kijapani, lakini inaingia mzunguko mmoja na kidogo kisha inakuwa nzito. Je, niilazimishe? Pia naomba kujua kama nyuzi za bolti zipakwe oili au zikazwe kavu, kwa maana kila ninayemuuliza ana lake. Mwisho, kitabu cha pikipiki kinatoa vipimo kwa pauni-futi ilhali toki renchi yangu (spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika kipimo) ni ya nyutoni-mita.

JIBU: Marahaba, ndugu. Nianze na bolti ya jirani, kwa sababu hiyo inaweza kukuharibia kazi kabla hujafika kwenye oili na vipimo: itoe, kisha umrudishie mwenyewe kwa shukrani. Bolti ya 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na ya M8 ina milimita 8, tofauti ambayo jicho halioni na kidole hakihisi. Tofauti kubwa iko kwenye mpangilio wa nyuzi. M8 ya kawaida ina milimita 1.25 kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Bolti ya Kiingereza yenye nyuzi 26 kwa inchi ina kama milimita 0.98, na yenye nyuzi 24 ina 1.06. Ukiilazimisha, chuma kigumu cha bolti kitachonga njia yake mpya ndani ya tundu, nayo itaonekana imekaza vizuri mpaka siku injini itakapopata joto.

Commando ilitengenezwa wakati viwanda vya Uingereza vilikuwa vikihama kutoka nyuzi zao za zamani (kama hizo 26) kwenda za mfumo wa Unified (kama hizo 24), na pikipiki moja inaweza kubeba aina zote mbili. Kwa hiyo hata bolti ya 5/16 utakayoinunua usiiamini kwa kipenyo tu. Tafuta geji ya nyuzi, ile yenye visahani vyenye meno, uilinganishe na mojawapo ya bolti za asili zilizobaki. Nyuzi 24 na nyuzi 26 zinadanganyana vibaya sana: bolti huingia mizunguko kadhaa kwa mkono, na fundi mwenye haraka hudhani kuna uchafu tu ndani ya tundu, akachukua spana.

Kuhusu oili, jambo la kufahamu ni kwamba toki renchi haipimi jinsi bolti inavyobana. Inapima jinsi inavyokataa kuzunguka. Kwa makadirio ya kawaida ya wahandisi, karibu asilimia 90 ya nguvu unayotia hupotea kwenye msuguano, baadhi chini ya kichwa cha bolti na baadhi kwenye nyuzi, na asilimia 10 tu ndiyo inayoinyoosha bolti ili ibane kama springi. Ndiyo maana bolti mbili zilizokazwa kwa kipimo kilekile, moja ikiwa na kutu na nyingine ikiwa safi, hazibani sawasawa hata kidogo. Mimi hupaka oili nyepesi ya injini kwenye nyuzi na chini ya washa (ile pete bapa ya bolti), tone tu, na hufanya hivyo kwa bolti zote bila kuruka hata moja. Grisi ya shaba siitumii hapa, kwa sababu inateleza kupita kiasi na kipimo cha kitabu kitakuwa kimeivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa. Tundu lisilotoboka upande wa pili lisiachwe na oili chini, maana bolti ikishuka huigandamiza oili isiyo na pa kutokea, na chuma cha kusubu cha bloku (mwili wa silinda) kinaweza kupasuka. Angalia pia rangi: bloku iliyopakwa rangi upya mara nyingi huwa na tabaka lake pale washa zinapokaa, nalo hulegea kwa joto.

Vipimo ni hivi: bolti na nati za inchi 3/8 hukazwa pauni-futi 30, yaani nyutoni-mita 41, na zile za 5/16 pauni-futi 20, yaani nyutoni-mita 27. Kaza kwa awamu tatu, ukifuata mpangilio wa namba uliomo kitabuni, na usisahau nati zinazokaa chini, mbele chini ya matundu ya ekzosi na nyuma chini ya njia ya kuingizia hewa, ambazo toki renchi huzifikia kwa taabu. Kabla ya hapo hakikisha pushrodi zote nne (fito zinazosukuma ili valvu zifunguke) zimekaa mahali pake, vinginevyo utakuwa unaikunja mojawapo huku ukidhani unakaza hedi.

Baada ya kilomita 800 hivi, urudie kazi hii injini ikiwa baridi kabisa. Hedi ni ya alumini, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo injini ikipata joto bolti huvutwa zaidi na gasketi hugandamizwa. Ikipoa, mbano hubaki pungufu. Legeza bolti moja robo mzunguko, ikaze tena kwa kipimo, ndipo uende kwa inayofuata, kwa sababu bolti iliyolala hukataa kuanza kuzunguka na toki renchi hulia mapema. Kisha pima nafasi za valvu, kwa kuwa hedi ikishuka kidogo nafasi hizo hupungua: inchi 0.006 kwa valvu za kuingiza na 0.008 kwa za ekzosi.

SWALI: Nina spana ya zamani ya Kiingereza iliyoandikwa 1/4 W, lakini mdomo wake una upana unaozidi nusu inchi. Je, imeandikwa vibaya?

JIBU: La, haikukosewa. W ni Whitworth, aina ya zamani ya nyuzi za Kiingereza. Namba ya spana hizo ni kipenyo cha bolti yenyewe, si upana wa kichwa chake. Mdomo wa 1/4 W una inchi 0.525, sawa na milimita 13.3, spana ya 13 haiingii, na ya 14 itakula pembe za nati. Spana hiyohiyo huandikwa pia 5/16 BS, yaani kwa bolti ya 5/16 ya nyuzi laini za Kiingereza.