Kabla ya Kwenda Kutoa Maoni Katika Ukumbi wa Zamani wa Mji

Mara ya kwanza nilipohudhuria kikao cha maoni ya bajeti katika ukumbi wa zamani wa mji hapa Nakuru, niliingia mikono mitupu. Nilisimama, nikaeleza kwa uchungu jinsi maji ya mvua yanavyoingia majumbani mtaani kwetu kwa sababu mtaro umeziba, nikapigiwa makofi, nikaketi. Makadirio yalipotoka niliyapitia ukurasa kwa ukurasa, na mtaro wetu haukutajwa popote.

Sikuulaumu ukumbi, kwani ninaupenda. Mabaraza ya miji na manispaa yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, shughuli zake zikahamia serikali za kaunti, na Nakuru ikapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Hata hivyo, ni katika ukumbi huu ambapo bado utamkuta muuza mboga ameketi bega kwa bega na mwenye duka la jumla, kila mmoja akingoja zamu yake ya kusema. Sijui mahali pengine mjini ambapo wawili hao husikilizwa kwa utaratibu mmoja.

Kwa hiyo nakusihi, usiende na maneno matupu. Andika waraka wa ukurasa mmoja unaotaja wadi, mahali penyewe na ombi moja tu, chapisha nakala mbili, na ile unayobaki nayo uhakikishe imegongwa mhuri wa kupokelewa. Fuata kalenda pia: kwa mujibu wa sheria, makadirio ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na anayeamka mwezi wa Juni hukuta mengi yameshaamuliwa. Ukizuiwa mlangoni, kumbuka kwamba Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani na kuwashirikisha wananchi.

Jambo la mwisho nililijua kwa kuchelewa. Mwaka wa pili nilikwenda na mzee jirani yetu, aliyeishi mtaani tangu enzi za manispaa. Maofisa walipouliza mtaro huo ulipita wapi, mimi nilinyamaza. Yeye alisimama akaeleza ulikoanzia, ulikopinda, na nyumba zilizojengwa juu yake, na safari hiyo waliokuwa mbele waliandika.