Maswali na Majibu: Teke la Kushoto Linaposhindwa Kulingana na la Kulia

SWALI: Mwalimu, najiandaa kwa mtihani wa taekwondo wa dani ya pili (daraja la pili la mkanda mweusi), na pumse, yaani mfuatano uliopangwa wa mapigo na kinga, ninayotakiwa kuonyesha ni Koryo. Kwa mguu wa kulia napiga mateke yote mawili ya ubavu bila shida, la chini na la juu. Upande wa kushoto teke la pili linashuka, mwili unayumba, na mara nyingi natua nje ya mstari. Nimeunyoosha mguu wa kushoto kwa miezi mitatu na sioni tofauti. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vizuri kutaja kwamba ni teke la pili ndilo linaloshuka, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kabla hujaendelea kuunyoosha mguu wa kushoto, naomba uuchunguze mguu wa kulia. Unapopiga kwa kushoto, wa kulia ndio unaokubeba. Katika teke moja la mbele, kama lile la Taegeuk Il Jang, pumse ya kwanza ya wanaoanza, mguu wa chini hubeba mwili kwa muda mfupi tu kabla hujatua. Katika Koryo unapiga la chini, unakunja goti, unapiga la juu, unakunja tena, na muda wote huo unyayo mmoja tu ndio uliopo sakafuni.

Watu wengi wanaotumia mkono wa kulia hupiga mpira kwa mguu wa kulia pia, na kwa hiyo tangu utotoni mguu wao wa kushoto umejifunza kazi ya kusimamia huku wa kulia ukijifunza kazi ya kupiga. Kama nawe uko hivyo, teke lako la kulia linafaidika mara mbili, kwa mpigaji hodari na kwa msimamizi hodari, na la kushoto linayakosa yote mawili. Wanafunzi wengi huiona nusu ya kwanza ya upungufu huo, ya pili hawaioni, nao huhangaika na mguu ulioko hewani miezi na miezi.

Lakini usiniamini kwa maneno tu, jipime. Simama karibu na ukuta, ushike kwa mkono, kisha upige mateke yale mawili kwa mguu wa kushoto, polepole. Ikiwa sasa teke la pili linafika juu kama la kulia, basi mguu wa kushoto hauna kosa, na tatizo liko katika kusimama. Ikiwa bado linashuka, mwombe mwenzako akuinulie mguu huo taratibu, ukiwa umelegea, hadi usawa unaoutaka. Ukiinuka bila maumivu, unao unyumbufu wa kutosha na unachokosa ni nguvu ya kuinua na kushikilia. Usipoinuka, hapo ndipo mazoezi ya kunyoosha yana kazi. Kwa maelezo yako, sitashangaa kipimo cha ukuta kikikupa jibu mara moja.

Tuseme tatizo ni kusimama. Angalia kwanza kisigino cha mguu wa kulia. Katika teke la ubavu, unyayo wa chini unapaswa kugeuka hadi kisigino kielekee kule unakopiga, kwa kuwa mgeuko huo ndio unaoifungua nyonga na kuupa mguu wa juu njia ya kupanda. Upande tuliouzoea tunageuka bila kufikiri. Upande dhaifu mwili unaogopa kuanguka, vidole vinang'ang'ania mkeka, unyayo unaishia njiani, na nyonga inabaki imefungwa. Nilipata kumfundisha kijana aliyekuwa na shida kama yako. Nilimchorea mstari wa chaki sakafuni na kumwomba apige kisha abaki vilevile: kisigino cha kushoto kilikuwa kimegeuka kabisa, cha kulia kilikuwa kimefika nusu ya safari. Alikuwa na hakika kwamba anageuka sawa pande zote mbili, mpaka alipoinama na kuiona ile chaki.

Baada ya kisigino, jenga misuli ya pembeni ya nyonga ya kulia, ambayo ndiyo inayozuia kiuno kisilale upande unaposimama kwa mguu mmoja. Simama kwa mguu wa kulia, kunja goti la kushoto hadi kifuani, ukae hivyo sekunde 30 bila kurukaruka. Kisha piga teke la ubavu kwa mwendo wa polepole: sekunde tano kulinyoosha, tatu kulishikilia, tano kulirudisha, hata kama mwanzoni linafika usawa wa goti tu. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, ukianza na upande dhaifu ungali na nguvu mpya, na uupe seti mbili kwa kila seti moja ya upande wenye nguvu. Kama kifundo cha mguu wa kulia kiliwahi kuteguka, ongeza kusimama ukiwa umefumba macho, maana kifundo kilichoteguka mara nyingi hupoteza wepesi wa kuhisi kilivyokaa. Maumivu ya kinena au ya ndani ya goti ni sababu ya kusimamisha zoezi na kumwona daktari.

Ifanye pia pumse nzima kwa kuigeuza, kulia iwe kushoto. Katika mapokeo ya ITF, shirikisho la taekwondo lenye mifuatano yake yenyewe, wanafunzi hufundishwa kwamba mapigo na kinga vigawanywe sawa kwa mikono na miguu yote miwili. Hata hivyo Choong-Moo, mmojawapo wa mifuatano hiyo, ina teke moja tu la ubavu la kuruka, nalo hupigwa kwa mguu wa kulia. Anayefuata mpangilio peke yake hataupata usawa huo.

Kuhusu siku ya mtihani, ushauri wangu ni kwamba teke la kulia ulipige kwa kimo ambacho la kushoto linaweza kukifikia na kukishikilia, mradi kimo hicho kinakubalika kwa teke la pili. Katika mashindano ya pumse ya World Taekwondo, shirikisho jingine la kimataifa, kosa dogo la usahihi hupunguziwa alama 0.1 na kubwa 0.3, na kuyumba huonekana waziwazi. Mtihani wako unaweza kuwa na vigezo vyake, lakini mtahini aliyeona teke la kulia likipaa atalisubiri la kushoto kwa kimo hichohicho, na Koryo itamwonyesha hatua chache tu baadaye.