Kwa wakaguzi wapya wa mabenki, kabla hamjaandika "mtaji unatosha"

Kila kundi jipya likiingia kazini, haipiti miezi mitatu ripoti zao zinaanza kufanana kama maandazi ya karai moja. Mtaji msingi (fedha za wenye benki wenyewe, ukilinganisha na mikopo na mali nyingine zilizopimwa kwa hatari yake) uko juu ya asilimia 10.5, ukwasi (fedha na mali zinazogeuka taslimu haraka, ukilinganisha na amana) uko juu ya asilimia 20, faida imepanda, hitimisho: benki ni imara. Haya, hizo namba mlipewa na nani? Na benki yenyewe. Mmemuuliza mtu kama ameiba, akasema hapana, mkagonga muhuri.

Nawapenda, ndiyo maana nakasirika. Mifano yote hapa ni ya Kenya, kwa sababu kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 mabenki matatu yalifungwa ndani ya miezi minane, na kila moja lilituachia somo lake.

1. Siku 90 zihesabuni wenyewe. Mnajua jedwali la akiba ambayo benki hutenga kwa hasara ya mikopo: mkopo wa kawaida hutengewa asilimia 1, wa kuangaliwa, yaani ulioanza kuchelewa, asilimia 3, ukipita siku 90 bila kulipwa asilimia 20, ukipita siku 180 asilimia 100. Kwa mkopo wa milioni 500, kabla hujaondoa thamani ya dhamana, siku ya 89 benki inatenga milioni 15, na siku ya 91 inatenga milioni 100. Sasa mnaelewa kwa nini mikopo mingi "hulipwa" siku ya 88. Fungua taarifa ya akaunti uone hela ilitoka wapi. Ikiwa imetoka kwenye mkopo mpya wa mteja huyohuyo, au wa shemeji yake, hapo hakuna aliyelipa.

2. Orodha ya benki si benki. Hapa nasema "sisi", maana kosa hili ni la fani nzima: wakaguzi wa serikali, wakaguzi wa nje, wachambuzi wa soko, hata walionunua hatifungani (hati za mkopo zinazouzwa sokoni).

Jumanne, tarehe 13 Oktoba 2015, Benki Kuu ya Kenya iliiweka Imperial Bank chini ya Shirika la Bima ya Amana. Mkurugenzi mkuu wake alikuwa amefariki katikati ya Septemba. Baada ya kifo hicho bodi ndiyo iliyokwenda yenyewe Benki Kuu kusema kuna mambo hayaeleweki. Someni tena hapo: bodi ndiyo iliyokwenda. Sisi hatukuwa tumeona kitu. Wiki chache tu nyuma benki hiyohiyo ilikuwa imeruhusiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kuuza hatifungani ya shilingi bilioni 2, na wanunuzi wakapatikana bila shida. Baadaye pengo likatajwa kuwa karibu bilioni 34, na madai yakawa kwamba fedha zilikuwa zikitolewa nje ya utaratibu kwa zaidi ya miaka kumi. Miaka kumi ni ukaguzi mwingi sana, na chai nyingi sana katika vyumba vya mikutano.

Tulikosea wapi? Si uvivu. Tulifanya kazi kama kitabu kinavyosema: tukaomba orodha ya mikopo, tukachagua sampuli, tukaomba mafaili. Faili lina barua ya maombi, idhini ya kamati ya mikopo, hati ya dhamana, ripoti ya mthamini. Safi kabisa. Ila sampuli iliyotolewa kwenye orodha haiwezi kukuonyesha kitu ambacho hakimo kwenye orodha. Hata ukichukua mafaili yote badala ya 60, utapata majibu yaleyale. Tuliongeza sampuli mwaka baada ya mwaka tukidhani tunakaza kamba, kumbe tunapima urefu wa uzio na mbuzi ameshatoka.

Njia ya kugeuza ni kuanza pale pesa inapotoka kwenda nje ya benki. Malipo makubwa ya mabenki ya Kenya hupita katika KEPSS, mfumo wa kielektroniki wa malipo kati ya mabenki, na mfumo huo unaendeshwa na Benki Kuu. Yaani ushahidi umelala kwenye jengo letu! Chukua malipo 40 makubwa ya robo mwaka, na usiiombe benki ikuchagulie. Kwa kila moja rudi nyuma: limetoka akaunti gani, nani aliidhinisha, salio lilikuwa kiasi gani dakika ile, na kama ni mkopo, uko kwenye orodha waliyokupa? Moja tu likikosa mzazi, simamisha kila kitu kingine.

Kisha piga hesabu ya riba, ambayo ni ngumu kuipika pande zote mbili. Tuseme benki inakuonyesha amana za wastani wa bilioni 20, na mwaka huo imelipa riba ya bilioni 2.4. Hiyo ni asilimia 12. Wenzake wa ukubwa huohuo wanalipa 8. Ama benki ina njaa ya fedha na inanunua amana kwa bei yoyote, ama amana halisi ni bilioni 30 na kumi zimefichwa. Majibu yote mawili ni mabaya. Fanya hivyohivyo upande wa mikopo: riba iliyoandikwa kama mapato ikiwa kubwa lakini iliyopokelewa taslimu ikiwa ndogo, kuna wakopaji wanaolipa kwa kalamu.

Na ukikuta meneja ambaye hajachukua likizo miaka minne, msimsifu kwa bidii. Mpeni wiki mbili za lazima, mtu mwingine akalie kiti chake.

3. Mkopaji mmoja huvaa kofia nyingi. Ukomo ni asilimia 25 ya mtaji msingi. Mtaji ukiwa bilioni 8, mteja mmoja mwisho bilioni 2. Lakini kampuni nne zenye mkurugenzi mmoja, sanduku la posta moja na kiwanja kimoja cha dhamana, kila moja ikiwa na bilioni 1.6, huyo ni mteja mmoja mwenye bilioni 6.4. Angalieni zaidi mikopo ya wakurugenzi. Chase Bank ilitoa hesabu zake za 2015 mara mbili, na toleo la pili likaonyesha mikopo ya watu wa ndani mikubwa kuliko ile ya kwanza. Sehemu ya mzozo ilikuwa ni jinsi ya kuuweka kwenye hesabu ufadhili wa Kiislamu, yaani usio wa riba. Tarehe 6 Aprili 2016 habari ilizunguka kwenye simu, na tarehe 7 milango ikafungwa.

4. Foleni siku hizi haionekani. Zamani ungepita barabarani ukaona watu wamejipanga. Sasa mtu anahamisha amana akiwa kitandani saa sita usiku. Omba takwimu za amana za kila siku, si za mwisho wa mwezi. Ukwasi wa asilimia 20 hauvumilii robo ya amana kuondoka kwa siku mbili. Baada ya Chase, Benki Kuu ilitangaza kuwa itazikopesha benki zilizobanwa na ukwasi bila kosa lao. Hilo lilituliza soko kuliko hotuba zote.

5. Bima ya amana: wakati ule ilikuwa shilingi 100,000, tangu Julai 2020 ni 500,000. Msiseme "amana ziko salama" bila kutaja kiasi.

6. Msichanganye kusimamia na kupanga bei. Sheria ya Septemba 2016 iliweka ukomo wa riba ya mikopo kuwa pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Ilipendwa sana. Mabenki yakahesabu: mama mwenye duka kwa asilimia 14, au hati za serikali kwa bei inayokaribiana bila kumfuata mtu na simu? Kufikia katikati ya 2017 ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 3. Ukomo uliondolewa Novemba 2019. Ile hasira iliyouzaa ilikuwa ya haki, na wabunge hawakuwa wajinga, lakini ukomo huo haukuzuia hata moja ya yale yaliyo kwenye namba 2.

Basi rudini kwenye zile ripoti zenu za robo hii. Futeni aya ya mwisho, ombeni malipo 40 ya KEPSS, na mtakapoyapata mnionyeshe yale ambayo hayana faili, hata kama ni moja.