Jibu: kifaa kidogo au mashine kubwa kwa gereji?
Ndugu, umeuliza kama kifaa kidogo cha Bluetooth, kinachochomekwa kwenye gari na kuonyesha hitilafu zake kwenye simu, kinatosha kupimia magari katika gereji yako hapa Lubumbashi, au ununue mashine kubwa ya kupimia. Kwa kawaida kifaa hicho husoma misimbo (namba za hitilafu) ya injini tu, katika magari yenye soketi ya kupimia ya pini 16, ambayo Ulaya iliilazimisha kwa magari mapya ya petroli tangu 2001. Kwenye breki za ABS (zinazozuia magurudumu kukwama) mara nyingi hakifiki. Malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hutumia volti 24, kwa hiyo usikichomeke humo, kinaweza kuungua. Mimi ningeanza na multimita (kipimo cha umeme) nzuri, kwa sababu msimbo unaoishutumu sensa huenda unaficha waya uliokatika au, kama nilivyokuta juzi, plagi iliyoota kutu ya kijani. Ukinunua mashine kubwa, uliza kwanza gharama ya kusasisha programu yake.