Maswali Yenu: Mtindi wa kizazi cha sita

SWALI: Nanunua mtindi wenye bakteria rafiki, Lactobacillus rhamnosus GG, nachota vijiko na kugandishia maziwa mengine, kisha hayo yanagandishia mengine tena. Hii ni mara ya sita. Unaganda, ila ni mkali na unaachia maji. Bakteria ni wale wale? Na mbona juzi maziwa yaligoma kabisa?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, mtindi unao, lakini GG yawezekana kabisa amekwisha. Yeye hawezi kula laktosi, sukari ya maziwa. Wanaogandisha ni wenzake, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, nao huzaliana upesi. Kila unapochota vijiko viwili, GG anazidi kuwa mchache. Ukali na maji ni dalili kwamba asidi imezidi.

Msifikiri Lactobacillus rhamnosus yeyote atafaa badala yake. Spishi moja ina nasaba nyingi, kila moja na jeni zake. GG ana jeni za kutengeneza vinyweleo vya kunata kwenye ute wa utumbo. Nduguye LC705 hana. E. coli, bakteria wa utumboni, ndiyo inayoonyesha wazi zaidi: nasaba ya Nissle 1917 hutengenezwa kuwa dawa ya tumbo, O157:H7 huharisha damu. Kwenye kopo, someni herufi na namba zinazofuata jina. Bila hizo hamjui mmenunua nini.

Nunua chachu mpya (yaani mtindi wa kopo wa kugandishia) kila baada ya mara mbili. Chemsha lita 1 ya maziwa freshi, yaache yatokote dakika 10 ukikoroga, poza hadi nyuzi 40 hivi (kidole safi kikivumilia bila kuungua), tia vijiko 2 vya chakula vya chachu, funika, viringisha blanketi. Angalia baada ya saa 6. Yakishikana, peleka kwenye friji palepale; kwa joto la Mwanza, ukiyaacha mpaka asubuhi yatakuwa makali.

Ila mtindi pekee hauleti bakteria wa aina nyingi tumboni. Hao wanataka nyuzinyuzi: maharage, kunde, mchicha, michembe.

Maziwa yaliyogoma huenda yalikuwa na mabaki ya antibayotiki, ng'ombe akiwa ametibiwa ugonjwa wa kiwele. Kuchemsha hakuyaondoi yote, na chachu hufa humo. Gandisha maziwa ya muuzaji mwingine kwa chachu ile ile; yakiganda, mwulize muuzaji wako ng'ombe alichomwa sindano lini, na kama siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa zilikwisha kabla ya kukamua.